Ruhusa ya Moto kwa Chungu cha Mama

S.L.P. 88,
Orland Prairie, Iowa.
Jumapili, 16 Februari 2014

Mpendwa Shangazi Marlys,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mzee wako Dwight. Goti jipya linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unatembea nalo hadi kwenye sanduku la barua na kurudi bila fimbo, nami nilifurahi kweli, ila usije ukalitia mbio ukaharibu kazi ya daktari. Najua ulivyo.

Huko Arizona mnavaa kaptula mwezi wa pili, basi usiniandikie habari hizo maana zitanitia wivu. Hapa theluji imefika kwenye vidirisha vya chumba cha chini, na asubuhi gari linaamka kwa kubembelezwa. Tessa alikuwa na mafua, sasa amepona. Curt bado anaendesha lori lake na kurudi Jumamosi, anakula, analala, anaondoka. Kwa miili hatujambo.

Pole kwa kuchelewa kujibu kadi yako ya Krismasi. Ulitaka vipimo vya nyama na tambi za Mama, nami nilisema nitakuandikia wiki hiyohiyo. Tazama sasa tuko wapi.

Basi vipimo ni hivi. Chukua paundi mbili za nyama ya bega, ukate vipande vya kuingia mdomoni bila aibu. Tia kwenye chungu cha umeme pamoja na kitunguu kimoja kikubwa, kopo la supu ya uyoga, pakiti ya supu kavu ya vitunguu, kikombe cha maji na pilipili manga. Chumvi usiongeze, ile pakiti inayo ya kutosha kijiji kizima. Funika, weka moto mdogo, uende zako kazini kutwa nzima. Tambi zile pana za mayai uzichemshe ukisharudi jioni, ndipo uzichanganye. Ukizitia asubuhi utakuta uji. Halafu umimine yote juu ya viazi vya kuponda. Majirani zako wa huko wakicheka kwamba watu wa Iowa wanakula tambi juu ya viazi, waache wacheke, kisha wape sahani.

Sheria ya Mama unaikumbuka. Mfuniko haufunuliwi. Alikuwa akisimama pale na mwiko mkononi akisema, "Kila mtu akichungulia, naongeza nusu saa, na mwenye njaa asinililie." Chungu ninachotumia ni kilekile chake cha rangi ya machungwa chenye maua ubavuni, alichopewa siku ya harusi. Miaka minne tangu tumzike, nacho bado kinachemka.

Kama kingeachwa kichemke. Hapo ndipo penye habari yenyewe, Shangazi, na nimeizungukazunguka vya kutosha. Barua hii inamhusu Baba.

Siku ya Krismasi ulinipigia simu ukaniambia, "Janelle, kaka yangu asitolewe kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Labda abebwe maiti." Nami nikakuahidi. Nilikuambia pia alichosema muuguzi wa wilaya, kwamba mtu anayeweza kukaa peke yake siku nzima ya kazi anaweza kubaki nyumbani, na asiyeweza hawezi. Wakati ule Bibi Phyllis wa nyumba ya pili alikuwa akiingia mchana kumwangalia. Mwezi wa kwanza Phyllis akavunjika nyonga, akachukuliwa na binti yake. Nimetafuta mtu mwingine hadi kwenye matangazo ya kanisa. Hakuna.

Nami natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana daktari wa mifugo hufungua mapema na mapokezi ni mimi peke yangu. Narudi saa kumi na moja na robo jioni. Siku za Jumanne na Alhamisi Tessa anatakiwa uwanjani saa kumi na mbili kamili kwa mpira wa kikapu. Anakaa benchi muda mwingi, lakini kocha anataka benchi lijae. Bila chungu cha umeme nyumba hii haili jioni.

Basi nikaamua hivi. Chungu ndicho kitakuwa mtihani wa Baba. Akiweza kukiacha kipike siku tano za kazi mfululizo bila kukigusa, nitaamini anaweza kubaki na chochote kingine humu ndani. Vitufe vya jiko Curt alishaving'oa, navitembeza kwenye mkoba kama hirizi. Kilichobaki ni chungu tu. Nilidhani nimemwekea mtihani mwepesi.

Jumatatu ya kwanza nilirudi nikakuta chungu baridi. Nyama mbichi imekaa kwenye maji yake. Waya umechomolewa, umekunjwa duara safi na kufungwa katikati, vile Baba na wenzake walivyokuwa wakikunja mipira ya maji kwenye gari la zimamoto.

"Mama yako kasahau tena," Baba akaniambia, na uso wake ulijaa fahari. "Angetuunguza."

Tulikula nafaka za sanduku na maziwa. Baba alimaliza bakuli mbili, maana kazi ya kutuokoa ilimtia njaa. Nyama ilikuwa imekaa hivyo kutwa nzima, nikaitupa.

Siku ya pili nikabandika karatasi kwenye tundu la umeme, maandishi makubwa: BABA, USICHOMOE. Shangazi, kusoma anasoma vizuri kuliko mimi. Nilipofika jioni nyumba yote ilikuwa giza. Nje baridi ilikuwa ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, na ndani niliona pumzi yangu mwenyewe. Baba ameketi sebuleni na koti, kofia na tochi, ametulia kabisa. Alikuwa ameshuka chumba cha chini akazima swichi kuu ya nyumba nzima.

"Baba, umezima umeme?"

"Karatasi imesema nisichomoe. Nimechomoa?"

"Hujachomoa."

"Basi siku nyingine andika unachotaka, mwanangu."

Tessa alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. "Mama, Babu kakumaliza," akasema. Nilicheka naye, sikatai. Kisha nikaenda chumba cha kufulia nikajifungia, nikalia juu ya taulo.

Usinicheke ukisoma haya. Nilijaribu kila kitu. Nilikificha chungu nyuma ya mashine ya kufulia, akafuata harufu. Nilimwambia mkuu wa sasa wa kikosi cha zimamoto ampigie simu amwambie kiko salama. Baba alimsikiliza kwa heshima, akaweka simu chini, akasema, "Kijana mzuri yule, ila hajaona kitu," akaenda kukichomoa. Alipokichomoa tena nilimkaripia. Nilimpigia kelele baba yangu kama mtoto aliyemwaga maziwa. Alinitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni mkali.

Wewe unajua anakoitoa tabia hii. Miaka thelathini na minane kwenye zimamoto la kujitolea, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa mkuu. Na unaikumbuka nyumba ya akina Brandsma kule njia ya changarawe, walipokwenda kanisani wakaacha sufuria motoni na mzee wao amelala. Baba ndiye aliyemtoa yule mzee, akiwa ameshakata roho. Tangu siku ile hakuwahi kufunga mlango wa nyumba yake bila kwanza kupitia kila tundu la ukutani. Amesahau jina la mkwewe, amesahau kwamba mkewe amekufa, lakini hilo limebaki zima. Mimi ndiye ninayeshindana nalo, na sioni ningeshindaje.

Mfa maji haachi kutapatapa. Wiki iliyopita, nikitafuta betri kwenye droo ya Baba, nikakuta kitabu chake cha ruhusa za moto. Vile vikaratasi alivyokuwa akiwaandikia wakulima kila masika, wanapotaka kuchoma nyasi za mitaroni. Nikasema moyoni, Janelle, mbona hukufikiria? Moto ambao Baba hauzimi ni mmoja tu, ule aliouruhusu yeye mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nikaijaza karatasi kama mkulima. Mwombaji: Janelle. Mahali: jikoni. Kinachochomwa: nyama, paundi mbili. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na robo jioni. Nikamwekea mezani na kahawa yake.

Aliisoma mara mbili. "Upepo?" akauliza.

"Hakuna upepo, Baba."

"Maji yako karibu?"

"Sinki hilo hapo."

"Nani atakuwepo?"

"Watu wapo," nikasema. Nilikuwa nachelewa, nikijifunga skafu, wala sikufikiri alichokuwa akiniuliza.

Akachukua kalamu akaweka sahihi yake, imenyooka, Shangazi, sahihi ya zamani kabisa, kwa mkono uleule usioweza tena kufunga kifungo cha shati. Nilitoka nikiwa najiona mjanja. Nilimwambia hadi Tessa kwenye gari kwamba jioni tutakula kama watu. Kazini niliwahadithia wenye mbwa na paka, na wote walisema nina akili.

Jioni nilipofungua mlango harufu ilinipokea hapohapo kwenye viatu. Nyama ya Mama, kitunguu, uyoga. Tessa akapaza sauti, "Kimepika!" Nilisimama kwenye mkeka na theluji miguuni nikahesabu kwamba bado siku nne tu. Nilikutaja kwa jina. Nilisema, Shangazi Marlys, tumeshinda.

Kisha tukaingia jikoni.

Baba alikuwa amesimama mbele ya chungu. Amevaa koti lake zito la zimamoto na mabuti kwenye miguu mitupu, ndoo ya maji iko pembeni, na mkono mmoja ameshika ukingo wa meza. Mkate wa nyama niliomwachia ulikuwa bado kwenye jokofu. Vidonge vyake vya asubuhi na vya mchana vilikuwa kwenye kisanduku, havijaguswa. Kiti kilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi chini, Shangazi, na chini yake palikuwa pamelowa pia, maana hakutoka pale hata kwa haja.

Alikuwa amesimama tangu nilipofunga mlango asubuhi.

"Baba, kwa nini hukukaa?"

"Moto wa ruhusa hauachwi peke yake, Janelle. Umesahau?" Sauti yake ilikuwa imekauka. Akatazama nyuma yangu, mlangoni, kama anayetafuta watu wengine. "Nani ananipokea zamu?"

"Mimi, Baba. Nimefika."

"Umechelewa," akasema. Hakukasirika. Alilisema kama mtu anavyomwambia mwenzake wa kazi. Akanikabidhi ndoo, akapiga hatua moja, na miguu ikamkataa. Tessa alimdaka upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaishia sakafuni sote watatu. Ndoo ilipinduka. Chungu kikaendelea kutokota juu ya vichwa vyetu.

Tessa hakwenda uwanjani, na kocha wala hakupiga simu kumwulizia. Tulimwosha Babu yake pamoja. Nilitaka aniachie mimi, kwa sababu ni mtoto wa miaka kumi na mitano na yule ni mwanamume, lakini alinijibu, "Mama, shika mguu ule, mimi nina huu." Miguu ilikuwa imevimba hadi mabuti yalikataa kutoka. Tuliyakata kwa mkasi wa bustani. Nilimpigia daktari wake akasema tumnyweshe maji kidogo kidogo na tuinue miguu, na tulifanya hivyo.

Hakukubali kula kabla moto haujazimwa. Nikachomoa chungu mimi mwenyewe. Akaomba apelekwe jikoni, akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwa chungu, akangoja, akaweka tena, hadi aliporidhika. Ndipo akala sahani mbili.

"Nyama laini leo," akasema, akimsifia Mama. "LaVonne kajitahidi."

Sasa nieleze, Shangazi, ningefanya nini. Maji yamezidi unga. Nikimkataza anazima nyumba nzima tugande. Nikimruhusu anasimama hadi aanguke. Njia ya tatu nimeitafuta usiku na mchana na sijaiona. Utasema acha kabisa hicho chungu, mle mikate, nami nilishawaza hivyo. Lakini kesho ataona taa, keshokutwa ataona joto la nyumba lenyewe, na mimi nitakuwa kazini nikiandika majina ya mbwa. Na ule mtihani niliuweka mimi. Yeye hakuwahi kushindwa kazi yake hata siku moja ya mtihani huo. Mimi ndiye niliyemwachia lindo bila mtu wa kumpokea, kwa ujanja wangu, na sijui nitajisamehe lini.

Ijumaa niliwapigia wale wa nyumba ya wazee mji wa pili. Kuna chumba kimoja kimepatikana, kinamngoja kuanzia Jumatatu ya tarehe ishirini na nne. Nimeweka sahihi.

Nimevunja ahadi niliyokupa. Nakuandikia wazi ili usilisikie kwa mtu mwingine. Ukikasirika una haki, mimi ningekuwa wewe ningekasirika pia, ila nakuomba uninyamazie siku mbili tatu kwanza, maana kwa sasa sina ngozi ya kupokelea maneno. Curt anasema nimefanya sawa, lakini Curt husema hivyo kwa kila kitu, kisha huondoka na lori.

Jana Jumamosi nilimwambia Baba ukweli. Niliketi naye dirishani nikamweleza taratibu, kwamba hawezi kubaki peke yake mchana, kwamba kuna mahali pazuri, kwamba nitakuja kila Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipigapiga mkono akasema, "Pole sana, mama. Ni vigumu mzazi anapofika hapo. Baba yako ana umri gani?"

Kwa hiyo leo baada ya kanisa nikamdanganya tena, baada ya kuapa kwamba sitamdanganya. Nilimwambia kuna nyumba kubwa mji wa pili, wanapika chakula cha watu arobaini kila siku, na hawana mtu wa zamu wa kuangalia moto. Wamemwomba yeye.

Ungemwona alivyonyooka. Aliniuliza milango mingapi. Aliniuliza kama wazee wanaweza kutembea wenyewe au watabebwa. Alitaka kujua bomba la maji la barabarani liko umbali gani. Akaenda chumbani akaanza kupanga nguo kwenye begi, soksi juu ya soksi, bila kusaidiwa, jambo ambalo hajalifanya tangu kiangazi. Namsikia hata sasa nikiandika, anafungua droo na kufunga.

Kisha akatokea mlangoni, amelishika lile koti lake, akaniuliza, "Zamu yangu inaisha lini?"

Nikasema nitawauliza. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kupanga.

Shangazi, wewe ulimjua kabla yetu sote. Mpigie kabla ya Jumatatu ile. Hilo swali atakuuliza na wewe, maana anauliza kila mtu anayeingia humu. Jibu lolote utakalompa, nami nitalishika hilohilo.

Msalimie Dwight, na Renae na wale mapacha wake ambao sasa watakuwa wameanza kukimbia. Tessa anakusalimu, na Curt pia kutoka barabara aliyomo. Mungu aliyekulea kwenye barafu ya hapa akutunze kwenye jua la huko, na hilo goti alitie nguvu.

Mimi akupendaye hata ukinikasirikia,
mtoto wa kaka yako,

Janelle